Mjukuu wa Tatu

Fundi cherehani aliketi dirishani katika basi la mpakani, akiwasikiliza wasafiri wawili wa kiti cha mbele: afisa mstaafu wa uhamiaji na mwalimu aliyekutana naye humo humo.

“Muungano wa nchi zetu sawa, dada, lakini nyumba isiyo na mlango si nyumba. Lazima tujue anayeingia.”

“Mlango uwepo, mzee wangu. Ila ndugu akipiga hodi, utamdai pasipoti?”

Mpaka huu ulishamrudisha fundi mara mbili kwa kukosa pasipoti, na mara zote mbili bintiye alijifungua bila mama. Leo, kwa sheria mpya ya muungano, alishika kitambulisho tu.

Basi likasimama kizuizini. Afisa wa zamu akapanda, akakisoma kitambulisho cha fundi, akamtazama usoni.

“Unakwenda wapi, mama?”

“Kumpokea mjukuu wangu wa tatu.”

“Haya, mama. Pita.”

Mstaafu akageuka. “Umeona? Amemkagua kwanza.”

“Na amempitisha,” mwalimu akajibu.

Wakaanza kubishana upya. Fundi hakuwangoja wamalize. Alishuka kichwa juu, akavuka kwa miguu yake mwenyewe, na ng’ambo bintiye mjamzito alikuwa amekwisha kumfungulia mikono.