Tairi la Mposaji

Benchi letu liko mbele ya duka langu la ushonaji, na kwa kuwa ukuta linaouegemea ni wangu, nina haki ya kulalamika kila siku. Mbao nilitoa mimi, misumari akatoa Kinyozi wa mlango wa pili, na mahali pa miguu kuna rimu kuukuu alizotupa Upepo, fundi wa matairi wa ng'ambo ya barabara. Kahawa inapikwa kwa Kinyozi, vikombe vinatoka kwangu, na maneno yanatoka kwa Breki, dereva mstaafu wa mabasi ya masafa, ambaye hajawahi kuchangia kitu kingine. Tunakutana saa nne asubuhi. Ijumaa hiyo Upepo alivuka barabara akisukuma tairi, akalilaza juu ya benchi pale pale anapokaa yeye, mwenyewe akabaki wima. Tukajua leo kuna jambo.

Kinyozi: Mzee mwenzetu, siku hizi unatembea na kazi?

Upepo: Hii si kazi. Hili ni tairi la yule kijana.

Breki: Kijana yupi?

Upepo: Anayemtaka binti yangu.

Birika likawekwa chini. Habari ya posa tulikuwa nayo wiki ya tatu. Kijana ni fundi miwani, sauti ndogo, akikusalimia anainama mpaka unamwona kisogo. Binti anapima maji kwenye maabara ya mji. Ni mtoto pekee wa Upepo, na tangu mama yake afariki wamebaki wawili tu katika nyumba ile. Watu wa kijana walikuwa waje kesho yake jioni kuchukua jibu, na Upepo jibu hakuwa nalo.

Upepo: Kaja jana, kalikumbatia kama mtoto mchanga. "Baba, lina msumari, naomba uniangalizie." Nikaung'oa, nikaziba. Halafu ndiyo nikaanza kuangalia.

Mimi: Msumari si umetoka?

Upepo: Msumari umetoka, mashaka yameingia. Jamani, miaka thelathini na moja nashika matairi. Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo, kwa nguo, kwa salamu. Tairi halijui uongo. Kila kona na kila breki limeandika.

Breki: Basi tusomee.

Tukaliinamia. Lilikuwa pana kuliko matairi ya mtaani kwetu, ukuta wake mfupi, mifereji michache ya kina. Upepo alitueleza kwamba hayo ni matairi ya kasi, ya msimu wa joto. Mpira wake umefanywa laini makusudi, ukishapata moto unang'ang'ania lami. Baridi ikiingia unakuwa mgumu kama sabuni kavu, na hapo ni kuteleza tu.

Upepo: Bonyeza ukucha.

Kinyozi akabonyeza. Alama ikabaki.

Kinyozi: Laini hivi? Halichukui mwaka hili.

Upepo: Mwenye mguu mwepesi anakaa nalo miaka miwili. Mwenye mguu mzito, msimu mmoja limekwisha. Sasa angalieni hapa nje.

Bega la nje la tairi lilikuwa limelika vibaya. Mpira umejiviringa vipele vipele, kama takataka za kifutio cha shule. Chini ya mfereji kuna vituta vidogo. Meno yakishuka mpaka usawa wake, tairi la kutupa. Katikati na upande wa ndani meno yalikuwa bado yako juu, ila huku nje yalibakiza unene wa shilingi.

Breki: Aah, hapa hapahitaji mtaalamu. Huyo anakata kona kama anafukuzwa na nyuki. Mimi basi nimeendesha miaka ishirini na sita, mabega ya matairi yangu yalikuwa mapya kama ya bwana harusi. Mwenda pole hajikwai!

Mimi: Hukujikwaa kwa sababu hukufika. Abiria walikuwa wanashuka, wanatembea, wanakupita.

Breki: Lakini walikuwa wanalipa.

Kinyozi: Sikilizeni mimi ninayesoma vichwa. Mtu akija nywele zimelala upande mmoja, najua usiku analalia upande upi. Tairi limelika nje. Maana yake nini? Roho ya mwenyewe iko nje! Huyo ukimpa nyumba ataomba barabara.

Upepo: Unasema hatatulia?

Kinyozi: Asilimia themanini hatulii.

Mimi: Themanini umeitoa wapi?

Kinyozi: Wewe chukua ishirini zilizobaki, usinibane.

Nami sikutaka kuonekana sina elimu. Nikawaambia kwamba suruali ikichakaa goti moja tu, mwenyewe ana mahali anapopiga goti.

Mimi: Hili limefungwa upande gani wa gari?

Upepo: Mbele, kushoto. Kaliandika mwenyewe kwa chaki.

Mimi: Kushoto ndiko uliko moyo. Basi kuna mzigo anaubeba moyoni. Pengine ana mwingine huko.

Nikamwona Upepo uso unamshuka, nikatamani nilirudishe lile neno. Nguo nikikosea naifumua, lakini neno nilifumue kwa mkasi gani? Breki ndiye aliyeniokoa, kwa kusema jambo baya zaidi.

Breki: Mwingine wapi! Magendo! Mchana miwani, jioni magendo. Nani atamshuku fundi miwani? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi: Nguo usiziingize.

Breki: Fikirini basi. Miwani ya askari wa barabarani anapima nani? Si yeye? Anawapimia vibaya makusudi, akipita mbio hakuna anayeona namba!

Kinyozi: Haa! Mimi kuna askari namnyoa, anasoma gazeti kalishika mbali kama sinia la moto!

Breki: Si nawaambia? Ukiona vyaelea vimeundwa!

Upepo: Nyamazeni kidogo. Nyote mmekosea, na ningefurahi kama mngepatia.

Aliliinua tairi akalisimamisha, akalizungusha polepole mbele ya macho yetu.

Upepo: Shida yangu ni kwamba dereva huyu ni mzuri.

Breki: Mzuri vipi na bega limeisha?

Upepo: Angalia mzunguko wote. Mtu mwenye papara akikanyaga breki, gurudumu linakwama, linaburuzwa, linabaki na kidonda bapa. Tafuteni kidonda. Hakuna hata kimoja! Tairi kalifikisha mwisho wa nguvu zake, akalishikilia hapo hapo, hakuvuka. Si mara moja. Mara mamia. Bega limelika kwa mstari ulionyooka, kama wewe unavyokata kitambaa.

Mimi: Kama ninavyokata mimi? Basi ni bingwa.

Upepo: Ni bingwa. Kosa naliona moja tu. Kwenye kona za kulia, uzito wote unapoegemea tairi hili, anaingia na breki bado iko mguuni. Hilo dogo, linarekebishika. Mimi wateja wangu wote, na wewe Breki ukiwemo, sijawahi kuona mkono kama huu.

Breki: Mimi nimo?

Upepo: Umo. Sasa niambieni. Mtu mwenye salamu za kuinama vile, mkono kama huu kauficha wapi? Kaja nyumbani mara nne, hajataja gari hata siku moja. Anayeweza kunificha hili atamficha mwanangu mangapi? Nina mtoto mmoja, jamani. Nikikosea sina wa kujaribia tena.

Kinyozi alimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Upepo: Nadhani kesho nitawaambia hapana.

Kahawa hiyo haijapoa alipofika muuguzi wa zahanati ya jirani, sare yake nyeupe, anakokota baiskeli ya kiume iliyolala upepo nyuma.

Muuguzi: Shikamooni, wazee.

Sote: Marahaba, mwanetu.

Muuguzi: Fundi yupo? Naomba upepo, nawahi zamu.

Upepo: Ndiye mimi. Nipe dakika mbili, mama, kuna posa hapa inaamuliwa.

Muuguzi: Posa, kwa tairi?

Kinyozi, ambaye siri kwake hukaa chini ya muda wa kunyoa ndevu, alimpa kikombe na kumwaga yote: kijana, miwani, bega, askari wasioona, na jibu la kesho. Muuguzi alikunywa huku akilitazama tairi.

Muuguzi: Samahani, wazee wangu. Kwani gari hilo anaendesha yeye?

Breki alifungua mdomo. Akaufunga. Nimemjua miaka kumi na moja, sijawahi kuona hayo.

Kinyozi: Gari ni lake.

Muuguzi: Na baiskeli hii ni ya mume wangu. Hajaipanda tangu tuoane.

Vichwa vinne, miaka zaidi ya mia mbili ukiijumlisha, tulikuwa tumemhukumu mtu kwa tairi bila kuuliza nani anashika usukani. Upepo alitoa simu. Simu yake sikio lilikufa zamani, inaongea kwa spika tu, kwa hiyo tusilaumiwe kwa kusikiliza. Ingawa ni kweli tulisogea.

Binti: Shikamoo, baba.

Upepo: Marahaba, mama. Nijibu neno moja. Gari la huyu mwenzako huwa anaendesha nani?

Tulisikia vichupa vya maabara vikigongana, kisha vikatulia.

Binti: Kwani amekwambia?

Upepo: Hajaniambia kitu. Limeniambia tairi.

Binti: Ni mimi, baba.

Muuguzi akashika mdomo. Kinyozi akanifinya paja, nami sikuona maumivu mpaka baadaye.

Binti: Jumapili, kwenye ule uwanja wa ndege wa zamani. Wanapanga koni, tunashindana na saa, gari moja moja. Msimu wote huu. Nilitaka kukuambia, nikaogopa utanikataza.

Upepo: Ningekukataza.

Binti: Najua. Yeye ananisumbua kila siku nikuambie. Nilimwomba asiseme mpaka niseme mwenyewe, akakubali, ila roho inamuuma. Jana nikamwambia basi tairi alipeleke kwingine, akasema hapana, kwa baba tu ndiko litakakozibwa vizuri.

Mkono wa Upepo ulikuwa juu ya tairi, kidole gumba kinapita taratibu kwenye bega lile lililolika. Macho yalikuwa yamemjaa. Naliandika wazi kwa sababu mwenyewe ukimuuliza atakataa.

Upepo: Kusimamisha gari bila gurudumu kukwama, nani kakufundisha?

Binti: Wewe.

Upepo: Mimi? Lini?

Binti: Nimekulia kibandani kwako, baba. Miaka yote nilikuwa nafanya kazi za shule pale kwenye kona, nakusikia ukiwagombeza madereva. "Unakanyaga breki kama unaua mende!" Sijasahau hata moja.

Breki alijitazama viatu. Nadhani hilo la mende lilikuwa lake.

Upepo: Kona za kulia, mama. Unaingia na breki bado iko mguuni. Iachie mapema kidogo, tairi lipumue.

Binti: Baba! Hilo ndilo linalonipotezea muda! Nalitafuta mwezi mzima!

Upepo: Na yeye mwenye gari anakuwa wapi wakati huo?

Binti: Siku za mazoezi anakaa pembeni yangu. Ana daftari. Kila nikimaliza mzunguko anapima upepo na joto la kila tairi, anaandika.

Upepo: Haogopi?

Binti: Anaogopa sana, baba. Kila kona anafumba macho. Nikisimama anashuka, anashika mlango kwanza mpaka miguu itulie.

Upepo: Halafu?

Binti: Halafu ananiuliza kama Jumapili ijayo twende mapema zaidi.

Benchi zima likashusha pumzi. Muuguzi alikuwa amechelewa zamu na hakujali. Upepo alilifuta tairi vumbi kwa kiganja.

Upepo: Mwambie watu wake wasingoje jioni. Waje asubuhi.

Binti: Unasema kweli?

Upepo: Asubuhi, nimesema. Na tairi hili aje alichukue, limezibwa. Ila bega halina maisha marefu, kwa mashindano lina siku mbili tatu tu. Nitawatafutia lingine.

Binti: Asante, baba. Asante.

Upepo: Usikate kwanza. Gari lenyewe lina kiti cha nyuma?

Binti: Lina, baba. Lakini ni kidogo sana, cha kuwekea mkoba.

Upepo: Jumapili nitakunja miguu.