Uzito wa Curtis

Apa kwanza. Mkono kifuani, hata mumeo usimwambie! Haya. Pale kiwanja chetu kidogo cha ndege, Nebraska, mbele ya banda kuna benchi, na wazee wake hawaishiwi kahawa wala ubishi. Jumamosi ile Lyle kakaa na karatasi gotini, anapiga hesabu. Mchana ampandishe Curtis, mtoto wa marehemu Vern, wakapige duara angani, lile la kupinduka kichwa chini. Vern ndiye yule bawa lilimkatikia mwaka juzi, akipiga duara hilohilo kwenye kindege chake cha kiti kimoja. Na Curtis ni jitu, mwenzangu! Mlangoni anaingia ubavu, ha! Ila pale kumuuliza mwanaume uzito ni kumtukana. Wanaandika ule wa kwenye cheti cha daktari.

— Pauni mia na tisini, Lyle akasoma. Na mimi, na parachuti mbili, tunaenea sawasawa kwenye kikomo cha ndege.

— Cheti cha lini hicho? aliuliza Tangi, fundi mstaafu.

— Miaka minne.

— Yule sasa mia mbili na hamsini, mzee! Na mkivuta usukani kutoka chini ya duara kwenda juu, kila pauni inalemea kama sita.

— Sitini tu hizo, alidakia Profesa, ambaye hata baiskeli ilimshinda. Haba na haba hujaza kibaba! Vidogo havina neno.

— Methali yako inakupinga, we babu!

— Sikia. Waundaji wameficha akiba. Kitabu cha ndege kikisema mara sita, bawa linakatika kwenye mara tisa.

— Akiba hiyo ya uchovu wa chuma, si ya tumbo la Curtis.

— Tena mkigeuka kichwa chini, uzito unahamia juu. Unawabeba!

— Nani kakwambia?

— Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Profesa akajibu.

Hata Lyle alicheka. Mara kicheko kikamkauka. Ardith, mjane wa Vern, kasimama nyuma ya benchi.

— Lyle, siku ile karatasi ya uzito ya Vern uliandika wewe?

— Mimi, shemeji.

— Ulimpima?

Profesa akatazama viatu vyake. Tangi akamwaga kahawa majanini. Lyle akamwona Vern tena kama siku ile, anahangaika kufunga mkanda, umefika tundu la mwisho, na yeye anaandika namba ya cheti.

Akainuka. Alimwekea Ardith ufunguo wa ndege kiganjani, akaenda kwa jirani kuazima mizani ya ndama, ampimie Curtis.

Kaniambia Tangi mwenyewe, jikoni kwangu, kofia mkononi.