Mwalimu Melania na Sabuni ya Ndimu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Melania Maduhu anastaafu baada ya kufundisha kemia kwa miaka thelathini na mitatu. Alianzia Geita, akahamia Kahama, na hapa Mhunze alifika, kwa maneno yake mwenyewe, kwa muda tu. Muda huo umekuwa miaka ishirini na mmoja.

Hakuwa mtu wa kungoja vifaa. Karatasi za litimasi zilipokwisha, alichemsha maua mekundu ya rozela apate juisi ya kupimia. Ndimu na maziwa mgando viliiacha juisi hiyo nyekundu, kwa kuwa ni asidi. Magadi na maji ya majivu viliigeuza kijani, kwa kuwa ni alikali. Wanafunzi walitoka darasani wakijua kwamba asidi na alikali zikikutana hupunguzana nguvu.

Somo hilo lilifika mbali kuliko alivyokusudia. Kikundi cha akina mama watengeneza sabuni kilikuwa karibu kuvunjika, maana sabuni yao ilichubua mikono na wateja wa gulioni walikwisha kuikimbia. Binti wa Mama Vumilia, mwenyekiti wa kikundi, akaeleza nyumbani alichojifunza kwa Mwalimu. Kesho yake akina mama wakakamulia ndimu tele kwenye sabuni ili kuua ukali wa kostiki, alikali kali ya kutengenezea sabuni. Sabuni ikakatika kama maziwa, ikawa uji.

Mwalimu alipoletewa uji ule alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaenda kuwaeleza kwamba asidi haichagui. Huivunja na sabuni yenyewe. Dawa ilikuwa kupima kostiki kwa mizani, si kwa kikombe, na kuiacha sabuni ikomae kwa majuma kadhaa. Akawaachia na chupa ya rozela: sabuni iliyokomaa huigeuza kijani; yenye kostiki iliyobaki huifikisha njano.

Hata hivyo, siku ya gulio hakuna aliyeigusa sabuni hiyo mpya. Mzee mmoja muuza kamba akatania, akimwita mama kwa Kisukuma, “Mayu Mwalimu, kama haichubui, anza wewe!” Melania akavua kilemba, akaomba beseni, akaosha mikono, uso na nywele mbele ya gulio zima. Mzee akasogea, akamkagua mashavu kama anayekagua ndama, akanunua mche. Wengine wakamfuata.

Kikundi kingali hai, na sabuni ya shule yetu hutoka kwao. Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha, na zaidi kwa kutufuata hadi nyumbani kuona somo tumelitumiaje. Mungu akujalie miaka mingi ya afya na utulivu.