Ukucha wa Papa Ngosa kwenye kioo cha tablo

Imeandikwa na Exaucée Kabedi, ofisi ya ufundi

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni: ukucha ukigonga kioo mara mbili, kisha kimya. Ni Papa Stanislas Ngosa amemaliza kufunga taa za tablo ya basi, ile dashibodi iliyo mbele ya dereva. Anagonga ili sindano zitulie, halafu anasubiri aone kama zinasema kweli. Amegonga hivyo katika karakana yetu tangu Machi 1991. Tarehe 31 Mei 2025, baada ya miaka thelathini na minne, anastaafu.

Alipoajiriwa, baba yake Mama Kasoki, mkurugenzi wetu wa sasa, alikuwa na mabasi mawili tu ya kwenda Kasumbalesa. Leo mabasi ni kumi na moja, na hakuna hata moja ambalo nyaya zake hazijapita mikononi mwa Papa Ngosa.

Watu hudhani fundi umeme wa magari ni mtu wa betri na taa za mbele. Yeye alijali zaidi taa ndogo ambazo abiria hawazioni, zile zinazomwangazia dereva namba na sindano zake gizani. Sheria yake ilikuwa fupi. Namba ziwe na rangi ya asali. Nyekundu ingoje hatari. Bluu ina kazi moja tu, kuonyesha kwamba taa ndefu, zile zinazomulika mbali, zimewashwa. Jicho likishazoea giza, alisema, halipendi kushtuliwa.

Hakumwomba mtu amwamini kwa maneno. Alikuwa na turubai jeusi ambalo alilifunika juu ya kichwa cha basi saa sita mchana, jua likichoma bati la karakana, akamwingiza dereva humo na kumwacha dakika kumi bila taa yoyote. Ndipo alipowasha tablo na kumwuliza anasoma nini. Sisi sote tuliita mahali hapo "usiku ya Papa Ngosa". Raoul wa basi la tatu alikoroma humo, akatoka akidai chai na mkate kama mgeni wa hoteli.

Mke wake, Mama Albertine, alitafuta verni yake ya kucha wiki mbili nzima. Ilikuwa karakanani. Mumewe alikuwa ametia tone moja moja la rangi hiyo kwenye vioo vya tablo za mabasi yote, pale sindano inapotakiwa kusimama mambo yakiwa sawa, ili dereva atupe jicho mara moja na kurudi barabarani.

Madereva walimtania. Aliyezidi wote ni Dieumerci wa basi la tisa, aliyependa viatu vyeupe na muziki wa sauti ya juu. "Papa Ngosa, hii tablo yako iko sawa mbabula! Tupatie bleu, na siye tufanane na bantu ba leo." Alimaanisha inang'aa kama jiko la makaa. Mzee akamjibu bila kuinua kichwa: "Ku mbabula unaonaka chakula yako. Ku bleu yako utaona nini?" Karakana nzima ilicheka, Dieumerci akicheka kuwapita wote.

Mwaka 2023 nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi minne tu. Niliamua tablo za mabasi yote zifungwe taa mpya za bluu. Zilikula umeme kidogo, zilidumu, na zilipendeza. Papa Ngosa aliniambia: "Mama Enjenia, ingia kwanza mu usiku yangu. Dakika kumi, haiko mingi." Niliingia. Nilikaa dakika mbili, nikatoka kwa sababu nilikuwa na mkutano. Nikatia sahihi karatasi ya agizo, naye akafunga taa kama alivyoagizwa, basi moja baada ya jingine, akigonga kila kioo mara mbili.

Hakuna dereva aliyelalamika. Bluu ilikuwa nzuri mno kulalamikiwa. Ila usiku iliwapiga macho, na mwanga wake uliruka hadi kwenye kioo cha mbele. Kwa hiyo kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, alianza kufunika tablo kwa taulo dogo la kujifutia jasho. Hata mimi niliyaona mataulo hayo mchana, yamekunjwa juu ya usukani, na sikuuliza ni ya nini.

Agosti mwaka huo, giza likiwa limeingia, basi la tisa lilikuwa linatoka Kasomeno. Hewa ya breki ilikuwa inavuja. Sindano ilishuka, taa nyekundu ikawaka, na vyote viwili vilikuwa chini ya taulo. Kwenye mteremko breki hazikushika. Abiria wote walipona, wengine wakiwa na mifupa iliyovunjika. Dieumerci alifariki akiwa bado ameshika usukani.

Tume ya kampuni ilisoma karatasi ya kazi, ikakuta sahihi ya aliyefunga taa. Papa Ngosa alipewa barua ya lawama. Karatasi ya agizo ilikuwa katika droo yangu. Hakuna aliyeiulizia, na mimi sikuitoa. Alinikuta kwenye korido nikilia, akaniambia kwa sauti ndogo: "Weye uko na miaka makumi tatu mbele. Miye, iko mbili tu." Kisha akarudi karakana. Kwa siku tisa, peke yake, alirudisha rangi ya asali katika mabasi yote kumi na moja yaliyobaki.

Mjane wa Dieumerci, Mama Cathy, anasali parokia moja na Papa Ngosa, huko Katuba. Tangu msiba ule, akimkuta ameketi, alihamia benchi jingine. Papa Ngosa hakuhama parokia wala hakujitetea. Alianza kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili mjane asipate taabu ya kuhama. Haya nimeyajua kwa Mama Albertine. Mumewe hakuwahi kuyataja.

Papa Ngosa, karakana inakushukuru kwa kila dereva aliyefika nyumbani macho yake yakiwa hayajachoka. Tunakuombea siku ndefu pamoja na Mama Albertine, na usingizi ambao hakuna simu ya basi lililokwama itakayoukata. Turubai lako tutalitunza. Wiki iliyopita niliingia chini yake, nikamaliza dakika zote kumi.

Niliombwa kuandika wasifu huu kama mwenzako wa kazi, na nisingeweza kuuandika nikiwa na karatasi ile katika droo. Jumatatu nilimpelekea Mama Kasoki nakala yake. Barua ya lawama imeondolewa katika faili lako, na nyingine yenye jina langu imeandikwa. Lakini sikuanzia ofisini. Jumapili, baada ya misa, nilikwenda Katuba nyumbani kwa Mama Cathy, nikampa karatasi yenyewe, yenye wino wa sahihi yangu. Aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama ulijua muda wote kwamba kosa ni langu, nikamwambia ulijua. Karatasi amebaki nayo, na mimi sikumwomba anirudishie.