Uchovu Ambao Hakuna Aliyeuamini

Ndugu zangu, nashukuru Mungu kwa kunipa pumzi ya kusema haya. Wengi wenu mnanijua kama mwalimu. Hamjui kwamba kwa miaka miwili nilishindwa hata kushika chaki.

Ilianza na homa, wakati simu za mkononi ndio kwanza zilikuwa zinaingia kwetu Matisi. Homa ikaisha, nguvu hazikurudi. Nalala mchana kutwa, naamka nimechoka zaidi. Mgongo unawaka, kichwa kama kimejazwa pamba. Siku moja niliketi sakafuni mbele ya darasa la tatu, nikashindwa kuinuka. Watoto walicheka, halafu wakaja kuninyanyua.

Nikapimwa Kitale mjini: malaria, taifodi, sukari, hata ule ugonjwa mnaoufikiria. Kila mara, "Mama, huna kitu." Nawaambia, hayo maneno yaliniuma kuliko mgongo. Mume wangu akaanza, "Si wamesema huna kitu? Basi amka upike." Majirani wakasema ati ni uvivu. Nikawa natambaa kwenda chooni. Nikamwomba Mungu anichukue. Ndiyo, niliomba hivyo, na sioni haya kuwaambia.

Dada yangu ameolewa Bungoma. Yeye ndiye alimsihi mume wangu anipeleke huko kwa daktari anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Yule daktari alinipapasa taratibu, akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Kisha akasema, "Maumivu ya mgongo naweza kuyapunguza. Uchovu wenyewe siwezi kuuondoa, nisikudanganye. Lakini ni ugonjwa, unaitwa uchovu sugu. Watafiti bado wanatafuta chanzo chake."

Mume wangu akauliza, "Kwa hivyo si uvivu?"

"Mzee, si uvivu. Mama ni mgonjwa."

Ndugu zangu, mume wangu alitoka nje. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Akapiga magoti, akanivalisha viatu.

Sijapona. Mgongo umepoa kidogo, na nimejifunza kugawa nguvu: nafua nguo mbili, napumzika kabla mwili haujanilazimisha. Nafundisha vipindi vichache. Namshukuru daktari yule kwa kusema ukweli, dada yangu aliyeniogesha kama mtoto nilipofikia kwake, na mume wangu, ambaye siku hizi ndiye anasonga ugali.

Kama kwako kuna mtu anasema amechoka, mwamini kwanza, halafu ndio utafute dawa. Nilikuwa na mengine ya kusema, lakini nguvu za leo zimeisha. Naomba nikae.