Bi Msasa Hakukaa Mlangoni

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, Bi Msasa anafunga rasmi utumishi wa miaka thelathini na mmoja katika ukumbi wetu wa michezo. Anastaafu kwa umri, si kwa ugonjwa, na ameomba hilo liandikwe mwanzoni kabisa. Basi limeandikwa.

Aliajiriwa kufagia na kupiga brashi meza za pool. Fundi wa zamani alipohama, fimbo zilianza kumwangukia yeye: ncha za ngozi zilizolika, zilizopasuka, zilizong'oka. Asiyecheza huenda asijue kwamba fimbo nzima, hata iwe ya mbao nzuri namna gani, inategemea kipande cha ngozi kidogo kuliko kifungo cha shati. Kikiwa kibovu, mpira mweupe unakwenda unakotaka wenyewe. Jina la Bi Msasa alilipata kwa ile karatasi ya msasa isiyotoka mfukoni mwake, ingawa waliowahi kuacha chaki sakafuni wanasema linatokana na ulimi wake.

Miaka minne iliyopita alipata kiharusi. Kilikuwa chepesi, kwa maneno ya daktari; yeye alisema daktari aulizwe ni chepesi kwa nani. Mguu ulirudi, maneno yalirudi (hilo sisi tulikuwa wa kwanza kulijua), lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, unashika vitu kana kwamba umevaa glavu.

Meneja wetu ni mtu mwema na hapa hatumsemi vibaya. Alimwita ofisini akamweleza mpango: fimbo zitapelekwa kwa fundi wa nje, naye atawekewa kiti mlangoni awe anakaribisha wageni, mshahara ule ule. Bi Msasa alisikiliza hadi mwisho.

"Mlangoni wekeni kengele," akasema. "Mimi nipeni fimbo mbovu niende nazo nyumbani."

Akapewa.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili, na cha mbele ndimo anamofanyia kazi mumewe, fundi cherehani. Vita vilianzia pale pale, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Wembe wake wa siku zote, ambao zamani ulizunguka ncha kama unamenya chungwa, sasa ulikwaruza pete nyeupe inayobeba ngozi, kisha ukaingia kidoleni. Mumewe alitaka kumshikia fimbo. Akakatazwa. Alipouliza kwa nini, mkewe alimwambia, "Ukinishikia leo, kesho utanivalisha viatu." Tangu hapo, mzee anasema, alishona akiwa ameuma midomo.

Bi Msasa akaanza kuchagua vifaa upya, na kila kifaa alikiuliza swali moja tu: utautii mkono wa kushoto? Alinunua kichongeo cha ncha, kile kinachozungushwa kama cha penseli. Kilitaka mikono miwili, mmoja ushike fimbo, mwingine uzungushe. Akakibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi, ukingoni mwa meza, akalaza fimbo, akaiviringisha kwa kiganja cha kushoto huku kiwiko cha kulia kikiituliza. Ikakata. Msasa nao aliacha kuushika. Aliubandika kwenye ubao, ubao akaupigilia mezani, ikawa sasa fimbo ndiyo inayoufuata msasa. Mumewe alipoona misumari kwenye meza yake alihamishia vitambaa kitandani.

Kibanio cha skrubu, kinachouzwa kwa ajili ya kukandamiza ngozi wakati gundi inakauka, alikirudisha dukani. Skrubu ilikuwa ndogo mno kwa vidole vyake. Badala yake alikata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akawa anaufunga kwa mkono mmoja na meno. Gundi ya haraka, ile inayoshika kabla hujapepesa macho, ilimgandishia ngozi upande. Akachukua nzito, inayompa mtu nafasi ya kusogeza.

Fimbo za kwanza alizileta zinang'aa. Breki, dereva wetu na tegemeo la timu yetu ya pool, alichukua moja, akapanga mipira, akapiga pigo la kufungua. Ngozi ikang'oka, ikaruka, ikatua katikati ya meza. Wengine tuliangalia viatu vyetu. Breki, bila nia mbaya, akasema taratibu kwamba labda sasa mama apumzike.

Bi Msasa aliiokota ile ngozi, akaigeuza, akaisogeza karibu na jicho.

"Kuna gundi ya zamani niliiacha kwenye fimbo," akasema. "Mkono haujakosa. Nimekosa mimi, na mimi narekebishika."

Akakusanya fimbo zote akaondoka nazo. Alilia njiani, mumewe ametueleza hilo kwa ruhusa yake.

Kilichopungua kilikuwa kifaa cha kusawazisha kichwa cha fimbo kabla ya kubandika, maana gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi kavu. Alijaribu tupa, ikala upande mmoja. Mwishowe alitaka kipande kinene cha ubao chenye tundu la kusimamishia fimbo wima, kichwa kikiwa chini, na msasa chini yake. Akizungusha, kichwa kinatoka bapa na safi, mkono utetemeke usitetemeke. Tundu alilitoboa mumewe, na huo ndio msaada pekee uliokubaliwa, kwa sharti kwamba asiguse fimbo.

Breki alicheza na fimbo aliyoirekebisha Bi Msasa msimu mzima. Fainali tulifungwa, lakini ngozi ilibaki mahali pake, jambo ambalo Bi Msasa aliikumbusha timu nzima bila kuombwa. Habari za fundi wa nje ziliishia hapo. Tangu wakati huo kila ncha iliyogusa mpira katika ukumbi huu imepita kwenye mkono wake wa kushoto, na kumbi za jirani nazo zimekuwa zikituletea fimbo zao.

Waliomshauri kwamba sasa akae atulie wamejibiwa kwamba atatulia akichoka, na kwamba kuchoka kwake atakutangaza mwenyewe. Kuanzia mwezi ujao anapokea fimbo nyumbani. Anayetaka kujifunza anakaribishwa pia, ila aje na gundi yake na asitegemee kushikiwa chochote.

Bi Msasa, asante kwa meza safi, kwa fimbo zilizonyooka, na kwa kutugombeza tulipostahili. Kaa salama na mwenzako, afya iwe nawe, na ubishi wako usipungue hata chembe.