Kampuni Haina Bega

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kata ya Kyondo, Baba Mchungaji, viongozi wa vikundi vya machela mliopanda kutoka Bwera, wageni waalikwa kutoka Kasese, pamoja nanyi ndugu zetu wa Kenya mnaofanya kazi kiwanda cha saruji, wenzetu wa Mpondwe na wa ng'ambo ya mpaka, wazee, akina mama, na wanachama wote: nawasalimu kwa heshima. Wengi mnanijua kwa jina la Afande Nobert. Nitasema Kiswahili changu cha jeshini, maana ndiyo lugha inayotuingia sote hapa, na ndiyo niliyowafokea nayo miaka yote hii.

Leo nakabidhi uenyekiti wa kikundi chetu cha machela. Goti langu limekataa mteremko, na mwenyekiti asiyeweza kushuka na mgonjwa anakuwa mgonjwa wa pili. Mmemchagua mama Bulandina, nami nimefurahi. Lakini baada ya chakula mtapiga kura juu ya ile kanuni ya makampuni, ibaki au ifutwe. Mimi sitapiga, kwa kuwa nimestaafu. Kwa hiyo niruhusuni niseme sasa, halafu nitakaa chini ninyamaze.

Wageni waelewe kwanza. Barabara ya gari inakomea pale chini ya kanisa. Kila mwaka tunaambiwa itapandishwa mapato yakitosha, na kila mwaka hayatoshi. Machela yetu inaanzia pale kodi inapoishia. Mtu akizidiwa huku juu, filimbi inapulizwa, na kila nyumba inatoa bega moja, yaani mbebaji mmoja. Wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma. Kwenye kona, anayeongoza anaita, "Bega!" na walio nyuma wanaingia chini ya miti ya machela huku yenyewe inaendelea kwenda. Haisimami. Mgonjwa anajua amebadilishiwa watu kwa kusikia miguu tu.

Aliyetufundisha utaratibu huo ni marehemu mzee Yonasani Turyahikayo. Alipokuwa akiita, hata mbuzi walikuwa wanapisha njia. Mwanawe ni ndugu yetu Arthur Tumushabe, yuko pale safu ya mbele. Nilimwomba ruhusa kabla ya kumtaja leo. Akaniambia, "Sema tu, Afande. Kila mtu anajua."

Arthur ni fundi wa kuchomelea vyuma, na sijaona mkono kama wake. Alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha saruji, Kasese, na kodi yake ilikatwa kabla hajaushika mshahara. Baadaye wakubwa wakamshauri asajili kampuni, ile yenye herufi za Ltd mwishoni, yeye na mkewe wakiwa wakurugenzi. Akaendelea kuingia kwa geti lile lile, akavaa ovaroli ile ile, akaamriwa na msimamizi yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kampuni ndiyo inayolipwa. Yeye anajilipa mshahara kidogo, kinachobaki anakichukua kama gawio la faida, na kodi imekuwa nyepesi.

Ni mwizi? Hapana. Sheria imeufungua mlango huo, na wakubwa kuliko Arthur wameupita na magari yao. Nilipomuuliza kama ni haki, alinijibu vizuri, nami sina budi kuyarudia maneno yake. "Afande," alisema, "likizo mimi sina. Nikivunjika mguu ndani ya kiwanda, kiwanda hakinijui, kinajua kampuni. Wamenitoa kwenye kazi ya kudumu, sasa nilipe kama mtu wa kazi ya kudumu kwa nini?" Nilikubali hoja yake siku ile. Na hata leo nasema, aliyemgeuza fundi kuwa kampuni ili asimuuguze, huyo naye aulizwe.

Lakini hebu tuulizane na la upande wa pili. Mwalimu Mackline anayefundisha watoto wetu, je, ana kampuni? Yeye akatwe kamili, na jirani yake apunguziwe kwa kuwa ana muhuri wa kampuni? Na wakifika kwenye ile barabara iliyokomea, matope yatamchagua nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kata, naona unaitikia kwa kichwa kunikubali. Usiharakishe. Hata kile kidogo kinachokusanywa hatujakiona kikipanda mlima huu.

Sasa kanuni yetu. Arthur alikuja kwenye mkutano mkuu, akasema nyumba yake imekuwa ofisi ya kampuni, na yeye anashinda Kasese. Akaomba kampuni itoe mchango wa pesa mahali pa bega. Mkutano ulipiga makofi. Tukanunua machela mpya, turubai safi, miti ya chuma isiyooza. Tulijivunia sana, hata Bwera walikuja kuitazama. Kisha wenye malori wakasajili kampuni, waashi wakasajili, wanunuzi wa kahawa wakasajili. Filimbi ikilia, ukienda mlangoni kuuliza bega, unaonyeshwa muhuri. Wote walikuwa ndani ya kanuni, hakuna aliyeivunja.

Ikaja ile Ijumaa, siku ya soko Mpondwe. Mzee Yonasani ngiri yake ilijifunga tumboni asubuhi, akawa anauma meno. Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikafa ganzi. Alikuja Fred, jirani yake. Alikuja Bulandina, na mnajua kwetu mwanamke habebi machela. Nilikuwepo mimi. Wa nne hakuonekana. Ndipo akatokea Badiru, Mkongo aliyekuwa amepanda kutafuta kahawa. Akatutazama, akauliza, "Batu ba hapa beko wapi?" Nikamwambia wako sokoni, na wengine ni kampuni. Akatua gunia lake. "Miye si mutu ya hapa," akasema, "lakini bega iko."

Badiru, simama watu wakuone. Asante, ndugu yangu.

Tulishuka. Kwenye kona ya kwanza, mzee, akiwa amelala pale juu na maumivu yake, akaita kwa mazoea, "Bega!"

Nyuma yetu hapakuwa na mtu.

Nitawaambia tulichofanya, maana sijawahi kukisema hadharani. Tulikanyagakanyaga. Tulipigapiga miguu chini palepale tulipokuwa, ili asikie, adhani tumebadilishwa. Hakuna aliyetuamuru, tulijikuta tunafanya. Naye akasema, "Vizuri, wanangu." Kona iliyofuata akaita tena, tukakanyaga tena. Fred alikuwa analia waziwazi. Goti langu lilikatikia hapo, nikaendelea nalo hivyo hivyo. Tulikwenda pole pole, na ugonjwa ule haukutaka mtu wa pole pole.

Arthur alikuwa amepigiwa simu. Alitoka Kasese na gari, akaliacha limewashwa chini ya kanisa, akapanda mbio kutupokea. Alipotuona aliingia chini ya mti wa mbele, akanisukuma nitoke. Mzee akaita, sauti imeshakuwa ndogo, "Bega." Arthur akajibu, "Nimeingia, Baba."

Mzee hakuita tena. Tulipofika kanisani gari lilikuwa limewashwa linangoja, na yeye alikuwa ameshatuacha. Daktari alisema angewahi kidogo tu, angepona.

Nimehuzunika, ndugu zangu, na huzuni hii haijanitoka. Simlaumu Arthur kuliko ninavyoulaumu ule mkutano wetu wa makofi. Mambo ya kodi yako juu ya cheo changu, wayapime wenye kutunga sheria, na wakiyapima waje wayapimie huku mlimani. Lakini kanuni ya machela ni yetu wenyewe. Kampuni inaweza kununua turubai, inaweza kununua miti ya chuma. Kampuni haina bega. Arthur ana kampuni yake mpaka leo, ni riziki yake. Lakini tangu mazishi hajakosa filimbi, hata akiwa kazini anapigiwa simu anakuja, na ndiye aliyeomba kura ya leo.

Mama Bulandina, sogea. Hii ni ngata ya mzee Yonasani, aliyokuwa akiiweka begani, ya blanketi kuukuu. Siku ile ilihama kutoka bega langu kwenda la Arthur. Ameifua, akanirudishia. Ipokee, pamoja na filimbi.

Nawashukuru mlionibebea uenyekiti huu, nawashukuru waliopika, nawashukuru mliotoka mbali. Nyumbani kwangu ni karibu na kona ya kwanza, na kwa goti hili sitakuwa na la kufanya ila kukaa barazani nisikilize. Bulandina akipita na mgonjwa, akaita "Bega!", nataka nisikie miguu, na iwe ya kweli.

Asanteni kwa kunisikiliza.